Nati Iliyochomelewa na Kinu cha Bibi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kila nikisikia nyundo inagonga chuma, na jana ulinikumbusha bila kugonga chochote. Ulisimamisha gari lako mlangoni pangu hapa Mkuyuni, ukashuka umependeza, ukasema shikamoo shangazi, nikakuitikia marahaba. Ukadhani nalishangaa gari. Mimi nilikuwa natazama tairi la nyuma. Penye bolti tano niliona nati tatu, tundu moja tupu, na nati moja yenye kovu jeusi la kuchomelea. Nikakuuliza, hii nini? Ukacheka, ukasema, "Hiyo imekaa, shangazi, haiendi popote."

Neno hilo nililisikia kabla hujazaliwa. Alilisema baba yako, kaka yangu Masanja, kwa kicheko hichohicho, na laiti ungejua lilitugharimu nini usingelirudia mbele yangu. Nimekesha na hasira, na hasira za mtu mzima hazifai kulaliwa mara mbili, kwa hiyo kaa usikilize. Chai ipo, kunywa polepole, sitaki uniambie una haraka. Nimechoka na watu wenye haraka.

Bolti za tairi, mafundi wengine huziita stadi, ni vile vyuma vifupi vyenye meno vinavyochomoza kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Tairi huvishwa juu yake, kisha nati hukazwa. Ni vitu vidogo, kila kimoja hakizidi kidole chako. Juu ya vitu hivyo ndipo mnapokaa ninyi nyote mnapokwenda Shinyanga mwendo wa kasi, muziki juu, watoto nyuma wamelala. Mnalipaka gari nta hadi mnajiona usoni, na bolti hamzitazami mpaka zikatike.

Baba yako ujanani alikuwa na nguvu, na nguvu zake alizipenda kuliko kitu kingine chochote alichopewa na Mungu. Alikuwa na pikapu nyeupe aliyoachiwa na marehemu baba yetu, akibebea mchanga na mawe ya kujengea. Kukaza nati kwake lilikuwa tamasha. Alivisha bomba la maji kwenye spana ili iwe ndefu, akapanda juu ya lile bomba, akarukaruka. Majirani walitoka kutazama. Alisema nati isipolia haijakaza. Basi ikalia. Ikalia hadi bolti moja ikakatika, na ya pili meno yake yakafa, nati ikawa inazunguka tu, haiingii wala haitoki.

Akaipeleka kwa fundi, hapo chini karibu na soko. Nilikuwepo, nilikuwa nimeomba lifti. Fundi akamweleza kuwa bolti hutolewa: tairi linafunguliwa, ngoma ya breki inavuliwa, bolti mbovu inagongwa itokee nyuma, na mpya inavutwa ikae mahali pake. Kazi ya asubuhi moja. Masanja akasema hana asubuhi ya kupoteza, kuna mtu anamsubiri na mchanga Buswelu.

"Ile iliyokatika iache," akasema. "Hii inayozunguka ichomelee."

"Ukiichomelea haitafunguka," fundi akamwambia.

"Ndicho ninachotaka. Isifunguke."

Fundi akainua mabega, akavaa miwani yake, akawasha mashine. Na yeye simtoi lawamani, mwanangu. Alijua, akasema mara moja, kisha akafanya alichoambiwa kwa sababu kubishana ni kazi na kuchomelea ni dakika mbili. Nchi hii imejaa watu waliosema mara moja.

Tulipofika nyumbani Masanja akampigia mama magoti, akamwamkia, akamsimulia ushindi wake. Mama alikuwa amekaa mbele ya nyumba anachambua maharage. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Na ukipata pancha?"

"Tairi jipya lile, mama. Haliwezi kupata pancha."

"Mm," akasema mama, akarudi kwenye maharage yake. Mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini, sijui hata gari linawashwaje, lakini lile swali lilinikaa kichwani. Lilikuwa swali la mtu mwenye akili timamu, na kwenye nyumba yetu siku zile maswali ya namna hiyo yalijibiwa kwa kicheko.

Sasa niache tairi kidogo nikueleze habari ya mama mkubwa, usije ukapotea njiani. Mama alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wake, aliyeolewa ng'ambo ya ziwa, Sengerema. Hao wawili walikuwa hawasemezani. Miaka mingi. Wakikutana msibani husalimiana kwa sababu watu wanaona, kisha kila mmoja hukaa mkeka wake. Ugomvi wenyewe nikikutajia utadhani nakutania. Waligombea kinu. Kinu cha mama yao, bibi yangu, cha mti mgumu, mdomo wake umelainika kwa miaka ya kutwangiwa. Siku ya kumaliza matanga ya bibi, mama mkubwa alikipakia kwenye lori akavuka nacho bila kumwuliza mdogo wake. Mama akanyamaza. Hakuuliza, hakulalamika, hakwenda. Akaninunulia mimi kinu kingine sokoni, akasema kile cha zamani kilikuwa kizito.

Wazee walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Sisi tulilima sana katika ugomvi ule. Baba yako na mimi tulikua bila kulala hata siku moja kwa mama mkubwa, na watoto wake tuliwajua kwa majina tu.

Basi asubuhi moja akaja mwanamke mmoja muuza samaki, amevuka na kivuko cha kwanza, hata ndoo hajaitua kichwani. Akasema, "Dada yako amezidiwa. Anakuita. Amesema njoo leo, ana neno la kukuambia na hataki kulituma kwa mtu." Mama akasimama na ungo mkononi, maharage yakamwagika. Sijawahi kumwona akimwaga chakula, kabla ya siku ile wala baada yake.

Kwenye ukoo wetu, waliogombana hawapatanishwi kwa salamu za kutumiwa. Huletwa maji ndani ya kibuyu. Kila mmoja huchukua funda, huyatema pembeni na kusema lililokuwa moyoni, asibakize. Kisha huchukua funda la pili akampulizia mwenzake kifuani, na hiyo ndiyo baraka. Lazima vinywa viwe viwili. Kinywa kimoja hakipatanishi, hata kikisema kutwa nzima. Mama alilijua hilo vizuri kuliko mimi, ndiyo maana alivaa haraka vile, gauni lake la kanisani na khanga mbili, na akachukua kile kibuyu kidogo kilichokuwa kinaning'inia jikoni.

Masanja akawasha pikapu. Tukakaa watatu mbele, mama katikati. Toka Mkuyuni hadi Kigongo si safari ya kuaga watu. Tukapita Usagara, tukakata kulia kuelekea ziwani, mama amekumbatia kibuyu. Siku hizo hakukuwa na daraja. Ninyi leo mnavuka mkiwa mnabishana habari za mpira, mnafika Busisi hata hamjamaliza hoja. Sisi tulisubiri kivuko, na kivuko kilisubiri magari yajae.

Tulipofika juu ya kile kilima kidogo, maji yakaonekana, na kivuko chenyewe kiko upande wetu kinapakia. Masanja akasema, "Mama, una bahati." Hata hajalimaliza neno, pikapu ikayumba, ikaanza kudunda. Tairi la nyuma. Lile jipya lisiloweza kupata pancha.

Akashuka anapiga mluzi. Tairi la akiba lilikuwepo, zima, limejaa upepo. Jeki ilikuwepo. Nguvu zilikuwepo, hizo ndizo zilikuwepo kupita kiasi. Akalegeza nati tatu kwa lile bomba lake, jasho linamtoka, maana alizikaza mwenyewe kwa kuzirukia. Akanyanyua gari. Akafika kwenye ile nati ya nne, akaweka spana, akavuta. Kisha akasimama akiitazama. Nilimwona mgongo ukinywea. Alikuwa amesahau kabisa kwamba aliichomelea.

Tairi zima mkononi, tairi bovu limening'inia kwenye nati moja, na nati hiyo haifunguki kwa kuwa tulilipa ili isifunguke. Mwanangu, nimeishi miaka mingi na sijaona upumbavu uliokamilika namna ile.

Na hapo ndipo watu wakaanza kufika. Unawajua watu wa kwetu, hawapiti gari lililokwama. Hilo ni jema, silisemi vibaya, lakini siku ile lilinitoa machozi ya hasira. Kila anayefika lazima kwanza asalimie, mwangaluka, ajibiwe, aulize nyumbani, aulize mvua, aulize tunatokea wapi na ni wa ukoo gani, ndipo ainame kwenye tairi. Akiinama anatikisa kichwa. Mchungaji mmoja aliyekuwa na ng'ombe wake akasema mwagieni mafuta ya taa. Mwenye baiskeli akasema washeni moto, chuma kikipata joto kinalegea. Mwingine akasema spana inavutwa upande usio sahihi. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na chetu hakikuwa hata majini. Kila mmoja alikuwa na dawa, na hakuna aliyeuliza mgonjwa ni nani.

Wakaanza kugonga. Tindo ikapatikana, nyundo ikapatikana. Wakagonga kwa zamu, wakahesabiana, mmoja akaanzisha wimbo wa kulimia na wengine wakaitikia, nyundo ikifuata wimbo. Masanja akafufuka. Akavua shati. Ungemwona ungedhani tumekuja pale kufanya kazi hiyo, na Sengerema ni mahali pa kusikia tu.

Chini kule kivuko kikapiga honi, kikaondoka.

Nikamwendea mama. Alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya barabara, kibuyu mapajani. "Mama, twende kwa miguu. Kikirudi tupande. Ng'ambo hatutakosa gari."

"Tutamwachaje kaka yako barabarani? Na hawa watu wanaotusaidia?"

Kwetu, mwanangu, mtu akishika nyundo kwa ajili yako humwachi ukaenda zako. Ni kama kumtemea. Mama alikuwa mtu wa adabu, na adabu ile ikamfunga pale kwenye jiwe. Ndivyo nilivyofikiri siku ile. Leo, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye, nafikiri lilikuwepo na jingine. Alikuwa anaogopa. Miaka yote ile hakumsemesha dada yake, na sasa ilimpasa afungue mdomo. Nadhani alijificha kidogo nyuma ya lile tairi. Mtu akiogopa safari, hata pancha humfariji.

"Masanja," nikamwita, "mama anachelewa."

"Sasa hivi, Kabula. Imeshaanza kutikisika."

Kivuko kikarudi, kikapakia, kikaondoka tena. Nikamwita tena, akaniambia sasa hivi. Neno hilo sasa hivi ningekuwa na uwezo ningelipiga marufuku. Jua lilikuwa limeshafika utosini, na ile nati ilikuwa inang'aa kwa kupigwa, imekaa palepale.

Mwishowe akaja mtu na nyundo ya wapasua kokoto, ile nzito ya mpini mrefu. Wote wakarudi nyuma. Akapiga mara chache, na nati ikaruka na kipande cha bolti ndani yake, ikaangukia majanini. Watu wakashangilia, mama mmoja mpita njia akapiga vigelegele. Masanja akanyanyua mikono. Kisha wakalitoa tairi bovu, wakaleta zima, wakalivisha, wakachukua nati. Ya kwanza haikuingia. Ya pili haikuingia. Nyundo zote zile zilizokosea shabaha zilikuwa zimetua mahali fulani, na mahali penyewe ni kwenye zile bolti tatu nzima. Meno yamepondeka, na moja imepinda.

Wimbo ukakoma. Mtu mmoja akasema, kwa upole kabisa, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikamjibu kuwa mhunzi huyo ana koleo la pili nyumbani. Mama akanikanya kwa jicho, maana nilikuwa nimemjibu mkubwa wangu, na alikuwa na haki.

Ndipo mama akasimama. Akajikung'uta vumbi, akawashukuru wale watu mmoja mmoja, akawaambia Mungu awalipe. Kisha akamgeukia kaka yangu, aliyekuwa amepiga magoti kwenye vumbi anajaribu kunyoosha bolti kwa jiwe. Hakupaza sauti.

"Masanja, hiyo ilikufa siku ile kwa fundi. Ungeitoa ukaweka nyingine. Ukaifunika kwa moto ukasema imekaa." Akajifunga khanga upya. "Sikucheki. Mimi na dada yangu tumefanya hivyohivyo, na mimi ni mama yako, labda ulijifunza kwangu. Kabula, nishike mkono."

Tukateremka hadi majini kwa miguu. Si mbali. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo, kwamba hapakuwa mbali. Tungeteremka mara tu tairi lilipopasuka, kivuko cha kwanza tungekiwahi na pumzi bado tunazo.

Tukavuka tumesimama kati ya magari, mama anatazama ng'ambo. Busisi lori la mkaa likatubeba. Nilimuuliza mama kama ana njaa, akasema anajaribu kukumbuka aanze na neno gani. Akasema, "Nitaanza kwa kumwomba radhi. Mimi ndiye mdogo."

Kwa mama mkubwa tulikuta watu wamekaa uani. Na mlangoni, mwanangu, upande wa kulia unapoingia, kilikuwa kimewekwa kinu. Kimeoshwa, kimepakwa mafuta, mchi umelazwa juu ya mdomo wake. Mama alisimama mbele yake asiweze kupita. Akakigusa ukingoni kwa vidole, polepole, kama unavyomgusa mtoto aliyelala.

Dada Mbuke, binti yake mama mkubwa, akatoka ndani. Akapiga magoti, akamwamkia mama. Akasema, "Mama mdogo, aliongea mpaka mchana huu. Kila gari likipita barabarani anauliza, ni yeye? Tukamwambia bado. Jua lilipofika katikati sauti ikakata."

"Na kinu?"

"Alisema kitolewe nje tangu asubuhi, ukione kabla hujaingia. Alisema ana neno juu yake."

"Neno gani?"

"Hakuniambia, mama. Alisema ni la kwenu wawili."

Tuliingia. Mama mkubwa alikuwa amelala, macho wazi, anahema. Alimtazama mama, nina hakika alimtambua. Mama akamimina maji, akachukua funda, akatema pembeni, akasema yote. Alisema alivyokasirika, alivyonyamaza, alivyomwonea kijicho, alivyopita mlango wa dada yake akienda harusini asigeuke. Akasema nisamehe, dada. Kisha akampelekea kibuyu mdomoni. Maji yakateremka shavuni. Mama akayapangusa kwa ncha ya khanga, akajaribu tena, yakateremka tena. Akainama karibu, akauliza, "Dada, ulitaka kuniambia nini?"

Hakujibiwa. Mama akachukua funda la pili akampulizia kifuani, akaketi akamshika mkono. Mama mkubwa hakuiona asubuhi.

Baba yako alifika kesho yake kwa gari la watu, akakuta wanaume wanachimba kaburi. Akachukua jembe, akachimba kuliko wote. Nilitaka mama amkaripie. Nilitaka sana, nisikufiche. Mama akampa maji ya kunawa na kumwambia ale.

Mbuke alitupa kile kinu turudi nacho. Kipo pale nyuma ya mlango wangu, umekipita mara ngapi tangu utoto ukitupia juu yake koti lako. Mama aliishi nacho miaka mingi na hakutwanga ndani yake hata punje. Alikiosha, alikipaka mafuta, akakirudisha. Na mara nyingine, yuko anapika, anakoroga mboga, hata hatuongelei habari hizo, alikuwa anaacha mwiko akaniuliza, "Kabula, unadhani alitaka kunipa, au alitaka nikiombe?" Mimi nilikuwa namjibu, alitaka kukupa, mama. Anasema, "Labda." Alikuwa anauliza hivyo hadi mwaka alipotutoka. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na jibu, na alilishika mkononi asubuhi nzima akisikiliza magari yanayopita.

Sasa wewe unaniambia imekaa, haiendi popote. Najua haiendi. Hiyo ndiyo shida yake.

Nisikilize basi, nikueleze kama mtu aliyejifunza baadaye, maana pikapu ile niliiendesha mimi baada ya baba yako kukataa kuigusa, nikabebea dagaa hadi nikazeeka. Nati huanzwa kwa vidole. Ikikataa kwa vidole usiilazimishe kwa spana, itoe uitazame, meno yamepishana au yana mchanga. Zikaze kwa kukingamana, hii kisha ya upande wa pili, tairi likae sawa. Mkono wako na spana yako vinatosha. Bomba liache lipitishe maji, na ukitaka kuruka nenda kwenye ngoma. Ukishabadili tairi, tembea kidogo kisha simama, uzikague tena. Nati ikianza kuzunguka bure, usiendelee na safari za kesho na keshokutwa ukisema zilizobaki zinatosha, kwa sababu zilizobaki zinabeba mzigo wa iliyokufa na zitakufa upesi zaidi. Nenda gereji. Ngoma ivuliwe, bolti itolewe, mpya iwekwe na nati mpya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na fundi akikuambia anaweza kuichomelea, msikilize kwa adabu, kisha mwambie aitoe. Akiinua mabega, tafuta mwingine.

Hayo ni ya gari. La pili hutapenda kulisikia, ila nitalisema, kwa kuwa nimekuona msibani mwezi uliopita wewe na mdogo wako mmekaa kila mtu upande wake, mkisalimiana kwa kidevu. Sikuuliza mnagombea nini. Najua kitakuwa kidogo, huwa ni kidogo. Mficha uchi hazai, mwanangu. Kilichoharibika kati yenu kitoeni nje kikiwa bado kinatoka kwa mkono. Mkikifunika kitakaa, nakuahidi, kitakaa vizuri sana, hadi siku mtakapotaka kukifungua na kivuko kinaondoka.

Usiingie kwenye gari lile kwenda popote kabla fundi hajalitazama. Acha funguo hapa mezani, nitamwita aje mwenyewe, na wewe utasimama umtazame anavyofanya. Na simu yako ninaiona mfukoni. Mpigie mdogo wako wakati fundi anafanya kazi. Mwambie shangazi amepika, aje.

Njoo hapa, inama, mimi sifiki juu. Mungu akushike usukani pale mkono wako utakapochoka. Akupe macho ya kuona kilicholegea kingali kinakazika, na moyo wa kukitoa kilichokufa. Barabara zikupokee zikurudishe. Na kila unakokwenda, mwanangu, ufike wakati anayekusubiri bado ana sauti.